Barua ya Dada Mkubwa Kabla ya Saini

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi. Ndugu Mkurugenzi wetu. Wakuu wa vitengo mliokaa safu ya mbele. Shemeji yangu fundi cherehani, pamoja na wanao. Ndugu wageni mlioitikia mwaliko. Wenzangu wa kitengo cha kompaila mliojibana kule nyuma karibu na mlango kana kwamba mnataka kutoroka. Na wewe mwenyewe, Dada Mkubwa, ambaye kwa haki ungetajwa wa kwanza lakini karatasi niliyopewa imekuweka mwisho: habari za asubuhi hii.

Nimepewa robo saa na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza nimeshaimaliza, ndiyo hiyo ya salamu. Ya pili imeandikwa vizuri sana na ofisi ya utumishi, na mimi nimeikubali, isipokuwa mstari wa tatu. Mstari wa tatu unasema Dada Mkubwa anastaafu "kwa hiari yake mwenyewe". Tangu saa mbili asubuhi nauangalia mstari huo, nao unaniangalia. Nisameheni nikibabaika. Kwa kawaida mimi si mtu wa kubabaika jukwaani. Mke wangu husema nikishashika kipaza sauti, dawa ni kukata umeme tu.

Wageni wetu, mnaliona lile faili la bluu mbele ya Mheshimiwa. Ndani yake mna barua ya Dada Mkubwa ya kuomba kustaafu mapema, miaka minne kabla ya wakati wake. Ratiba inasema mimi nikishakaa, Mheshimiwa anaweka saini, tunapiga makofi, zawadi inatolewa, na kuanzia kesho meza yake ni ya mtu mwingine. Saini ikishawekwa hairudi nyuma. Utumishi wameniambia hivyo mara mbili, mara ya pili kwa ukali.

Sasa, kabla ya kufika huko, naombeni nieleze huyu mtu ni nani na kazi yake ni ipi, maana nikisema amefanya kazi kubwa bila kuisema kazi yenyewe nitakuwa nimepiga porojo tu. Siku moja tulipozikaribisha familia zetu hapa kazini, shemeji, mumewe Dada Mkubwa, alinivuta pembeni akaniuliza, "Hivi mke wangu huwa anafanya nini humu ndani? Nikimuuliza ananiambia anapanda miti." Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Miti gani? Mbona viatu vyake havina hata vumbi?"

Ni hivi, shemeji, na leo nakueleza mbele ya watu ili usiseme sikukujibu. Mtu anayeandika programu anaandika maneno, na mashine haiyaelewi. Kompaila ndiyo inayoyasoma, ikayachambua kipande kwa kipande, ikayageuza yawe amri ambazo mashine inazielewa. Ikiyachambua inapata mti, ambao sisi tunauchora kichwa chini: shina juu, majani chini. Kila kifundo cha mti ule kinabandikwa vijikaratasi vya kueleza habari zake, na habari hizo tunaziita sifa.

Chukua familia. Jina la ukoo linashuka kutoka juu; mtoto halichagui, analirithi. Lakini ukitaka kujua nyumba ina watu wangapi, baba hawezi kukaa sebuleni akaamua tu kwamba tuko saba. Hesabu lazima ianzie chini, chumba kwa chumba, ipande mpaka imfikie. Basi na sisi sifa nyingine zinashuka, nyingine zinapanda. Sarufi ya sifa ni kanuni fupi fupi ambazo kwazo kila kifundo kinasema: habari yangu hii naipata kwa jirani yule. Nani aanze na nani afuate, zana yetu, ile programu inayozisoma kanuni hizo, inajipangia yenyewe. Nimejitahidi, shemeji. Naona unatabasamu kwa adabu.

Kabla hajaja Dada Mkubwa, miaka ishirini na miwili iliyopita, kompaila yetu iliandikwa kwa mkono kuanzia juu mpaka chini. Iliipitia kila programu mara saba kabla ya kutoa jibu, na mzunguko wa tano hakuna aliyejua unafanya nini. Aliyeuandika alishahama. Ukiuondoa, kila kitu kinakufa. Tukauacha kama mgeni ambaye hakuna anayekumbuka nani alimleta. Dada Mkubwa akaja na kikapu cha vitabu, akakaa wiki tatu bila kusema neno, halafu akauliza kwenye kikao: "Hivi nyie, mnaandika kompaila au mnaiombea?"

Lo! Tulichukia. Mimi nilikuwa wa kwanza kuchukia. Lakini baada ya mwaka mmoja na nusu, mizunguko saba ilikuwa imegeuka kurasa arobaini za kanuni ambazo hata mfanyakazi wa wiki ya kwanza angeweza kuzisoma akaelewa. Na kwa kuwa kanuni zilikuwa wazi, tukaanza kuzitumia kwa kazi ambayo hatukuiota: kuchunguza programu za watu wengine bila hata kuziendesha, kutafuta makosa kabla makosa hayajamtafuta mtu.

Wenzangu mnaikumbuka ile programu ya mashine ya kudondoshea wagonjwa dawa. Dada Mkubwa alikuwa ameongeza sifa moja tu kwenye mti: kila namba ibebe kipimo chake, miligramu au mikrogramu, na ipande nacho popote inapokwenda. Zana ikagoma kwenye mstari mmoja, ambapo miligramu zilijumlishwa na mikrogramu. Mhandisi wa kile kiwanda akapiga simu, sauti juu: "Programu yangu ina miaka mitatu haijakosea hata siku moja!" Naye Dada Mkubwa, taratibu kabisa: "Sijasema imekosea, mwanangu. Nimeuliza hiyo namba umeipata wapi." Upande wa pili karatasi zikafunuliwa. Halafu tukasikia, "Mama, naomba nikupigie baadaye." Alipopiga kesho yake hakuzungumzia programu kabisa. Alisema ana mtoto aliyelazwa, na wodi ile inatumia mashine hiyo hiyo, basi, akakata simu.

Umeipata wapi. Huyu mama maneno yake ni hayo. Ukimletea jibu, hakuulizi kama ni sahihi, anakuuliza umelipata wapi. Ukimletea umbea, vilevile. Tumeacha kumletea umbea.

Na mimi alinifundisha kwa aibu. Mwaka wangu wa tatu hapa niliandika kanuni mbili za kushughulikia kipande cha programu kinachojirudia kwa kujiita chenyewe. Kanuni ya kwanza ilichukua habari yake kwa ya pili, na ya pili ikachukua kwa ya kwanza. Sikuona. Nikawasha zana wakati wa chai ya saa nne. Mpaka saa tisa mashine inanguruma tu, jibu hakuna. Nikasema mashine imeharibika. Nikamwita fundi umeme, naye, Mungu ambariki, akabadilisha feni. Feni mpya ikanguruma vizuri zaidi.

Dada Mkubwa akaja na kikombe chake, akaweka kidole kwenye karatasi yangu. "Huyu thamani yake ameipata wapi?" Nikasema, kwa huyu. "Na huyu?" Kwa yule. "Na yule?" Kidole changu kikarudi kwa huyu. Akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kanuni zangu. "Kumbe humu hakuna anayejua kitu, mdogo wangu! Kila mmoja anamnukuu mwenzake." Kisha akaniambia kwamba ukikuta duara usihangaike kutafuta nani mwenye kosa. Tafuta nani ana habari yake mwenyewe. Na akikosekana, mwandikie kila mmoja "sijui", halafu uanze kuzunguka tena na tena mpaka usione kinachobadilika.

Haya. Hapa ndipo karatasi ya utumishi inaponitaka niseme, "Tunamtakia mapumziko mema." Nami nilikuwa tayari, nawaambia kweli. Lakini mimi, mkuu wake wa kitengo, nilipopewa kazi ya kuandaa maneno haya, Jumatatu, nikaona si vizuri wageni wakaniuliza kwa nini anaondoka mapema nami nikabaki kinywa wazi. Nikaamua kuuliza. Na tangu nianze kuuliza sielewi kitu.

Nilianza kwako, Ndugu Mkurugenzi. Jumanne, kwenye ngazi, nilikuuliza, "Mkuu, hivi Dada Mkubwa anaondokea nini?" Ukanishangaa. Ukasema, "Si wewe uliyeniambia amechoka, anajiandaa kuondoka? Na barua yake ilipokuja nikasema, naam, mkuu wa kitengo anawajua watu wake." Nikaitikia, ndiyo mkuu. Nikashuka ngazi mbili, nikasimama. Maana mimi nakumbuka kwamba uliyeniambia anataka kupumzika ni wewe. Ulisema, tena kwa huruma, "Mpango wa mwaka ujao usimpangie mzigo, mwache apumzike." Nami nikalifuta jina lake kwenye mpango. Sasa nani alimwambia nani?

Naona Mkurugenzi anatikisa kichwa. Mkuu, sikulaumu, nauliza tu. Hata mimi kichwa kinaniuma.

Basi Jumatano nikamfuata mwenyewe mezani kwake. Nikamuuliza kwa kuzungukazunguka, kama tunavyofanya tukiwaheshimu watu. "Dada Mkubwa, ulijuaje kwamba wakati umefika?" Akaweka kalamu chini. Akasema, "Siku niliyousoma mpango wa mwaka pale ukutani, mdogo wangu. Nikaona kazi imekamilika." Nanyi mnajua mimi nilielewa nini? Jamani, msinicheke. Nilielewa kwamba anausifu mpango wangu! Kwamba ameusoma, akaona kitengo kiko mikono salama, roho yake ikatulia. Nikamshukuru. Nilimshukuru, mbele yake, huku nikitabasamu. Yeye akaiokota kalamu yake, akasema, "Haya, baba." Dada Mkubwa hajawahi kuniita baba. Nikaona ni heshima.

Na leo asubuhi, tukipanga viti humu ukumbini, mtunza stoo wetu, yule pale aliyesimama kwenye dirisha, akaniuliza, "Bosi, kabati la Dada Mkubwa nimrudishie, au nimpe atakayekaa pale? Dawa imeshakauka." Dawa gani? "Ya mchwa. Si lilikuwa limeliwa chini? Nilimwambia atoe kila kitu tupulizie. Stoo ilijaa, akasema basi atavipeleka nyumbani kwa muda." Nikamuuliza lini hiyo. Akasema wiki ile mimi nilipokuwa likizo, nikarudi Ijumaa.

Ndugu zangu, Ijumaa ile nikirudi nilimkuta Dada Mkubwa getini akipakia maboksi kwenye teksi. Vitabu, picha za watoto wake, hata kile kikombe. Sikumuuliza. Nilisema, nikimuuliza nitaonekana kama namfukuza, au kama namzuia, na yote mawili ni utovu wa adabu. Nikapanda moja kwa moja kwa Mkurugenzi, nikasema... ee Mungu wangu. Nikasema, "Naona Dada Mkubwa amechoka, anajiandaa kuondoka."

Sasa subirini. Subirini kidogo, mniruhusu nihesabu kwa vidole, kwa sauti, maana peke yangu nimeshindwa. Mimi niliona maboksi, nikamwambia Mkurugenzi. Mkurugenzi akaamini, akaniambia nisimpangie kazi. Mimi nikachukulia kwamba Mkurugenzi ana habari zake, nikafuta jina. Dada Mkubwa akasoma mpango, akaona amefutwa, akaandika barua. Mkurugenzi akapokea barua, akasema mkuu wa kitengo alijua. Nami nikasikia barua imekuja, nikasema Mkurugenzi alijua. Nani hapo alikuwa na habari yake mwenyewe? Mchwa! Mchwa peke yao!

Sisi, ndugu wageni. Sisi ambao mkate wetu ni kuzunguka tukiwauliza watu, hiyo namba umeipata wapi? Tunaochunguza programu za viwanda na tukikuta duara tunawaandikia ripoti kali! Tuko watatu, tunakaa sakafu moja, choo chetu kimoja, na hakuna aliyesogea hatua kumi na mbili kumuuliza mwenzake neno moja. Tulimheshimu mpaka tukamtoa. Nalisema hili nikiwa nimechanganyikiwa, na nadhani nina haki ya kuchanganyikiwa.

Au nimekosea tena? Inawezekana. Inawezekana barua ni ya kweli, alishachoka kabla ya maboksi, na mimi sasa namharibia sherehe yake mbele ya mumewe. Ijumaa ile nilikuwa na uhakika. Tazameni uhakika wangu ulipotufikisha. Leo sijui. Mkurugenzi naye, ukimtazama usoni, hajui. Shemeji, wewe unajua? Unainua mabega. Kumbe hata nyumbani!

Mheshimiwa Mwenyekiti, nakuona unaitazama saa, na nakuomba radhi. Naomba dakika moja tu, na hilo faili naomba ulifunike kwanza. Itifaki hairuhusu, najua. Msimamizi wa shughuli, usininyooshee kidole, ndugu yangu, nitakaa sasa hivi.

Dada Mkubwa. Nitauliza jinsi nilivyopaswa kuuliza pale getini, na watu hawa wote wawe mashahidi. Unataka kuondoka?

Anafungua mkoba wake, anaufunga. Msiongee huko nyuma, mwacheni.

Basi niseme mimi kwanza, maana kuuliza peke yake kumbe hakutoshi. Mimi sitaki uondoke. Mpango ule nikiuandika, nilipofika kwenye mstari wako niliacha kalamu, nikaenda kunywa maji, nikarudi, ndipo nikafuta. Kuna kazi tatu kwenye mpango ule ambazo sijui nani ataziweza, nami niliandika majina matatu ya kujidanganya. Wenye majina wako mlangoni pale na wanajua. Nikikwama asubuhi, nageuka upande wa meza yako kabla sijafikiri. Sitaki uondoke. Hili sikulisikia kwa mtu.

Mkurugenzi amesimama. Anasema, jamani sauti yake haifiki huko, anasema, "Hata mimi sikutaka. Niliposoma barua yako nilifunga mlango." Mkuu, asante. Ningelijua hilo Jumanne!

Na sasa Dada Mkubwa anasema kitu. Rudia, Dada, kipaza sauti kiko huku.

Anasema, "Mbona hamkuniambia?"

Dada yangu. Nilikuja na karatasi mbili, na hakuna hata moja yenye jibu la hilo. Naomba unisamehe. Naomba utusamehe wote wawili, lakini mimi zaidi, kwa sababu nilikuona na maboksi mikononi na sikukusaidia hata kubeba.

Anainuka. Shemeji, mpishe apite. Anakwenda meza kuu. Ndugu wageni ambao mko nyuma na hamuoni, nawaeleza: amemwamkia Mheshimiwa, amefungua faili, ametoa barua yake. Anaisoma tena, yote, mpaka chini. Ameikunja mara mbili, ameitia mkobani. Mheshimiwa anacheka. Dada Mkubwa hacheki. Ananinyooshea kidole, na anasema, nawasomea midomo yake, anasema kabati lirudi leo.

Mtunza stoo, umesikia. Zawadi iliyofungwa pale sijui tuifanyeje, itifaki itatuambia. Wageni wetu mliotoka mbali kuja kumuaga mtu asiyeondoka, msamaha wenu nauomba, na kwa masikio yenu na uvumilivu wenu nawashukuru sana. Nakaa, Mheshimiwa. Dada Mkubwa huyo anakuja kukichukua kipaza sauti, na safari hii nitamsikiliza yeye mwenyewe.